Vitabu vya Vijana na Miji ya Kigeni
Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: maneno ya somo kama yalivyosomwa

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na madaftari yako tayari. Ninyi mtakaolisoma somo hili baadaye katika karatasi iliyopigwa chapa, nawasalimu pia. Someni polepole. Maneno hayakimbii.

Leo twataka kuzungumza habari za riwaya. Riwaya ni hadithi ndefu iliyobuniwa na mtu mmoja na kuandikwa kitabuni. Ziko riwaya za mapenzi, za vita na za upelelezi. Sisi leo twachukua aina moja tu, nayo ni riwaya zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, ambazo mambo yake hutokea katika mji wa nchi nyingine. Nitawaeleza vitabu vinne, na kila kimoja nitatoa maoni yangu. Maoni ya msomaji si amri. Ninyi mna akili zenu, na mwisho wa somo mtakuwa na nafasi ya kunipinga.

Kwa nini tujisumbue na miji ambayo huenda hatutaiona kamwe? Nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni watoto wetu. Vijana wengi hutamani kwenda miji ya mbali. Mmoja hutaja London, mwingine hutaja Dubai, mwingine Chicago. Ukimwuliza ameujuaje mji huo, utaona ameujua kwa hadithi. Ameuona katika sinema, au katika simu, au rafiki amemsimulia, au amesoma kitabu. Siku moja atakuja kwako na kusema, "Mama, nataka kwenda." Utamjibu nini? Ukisema "Hapana" tu, atanyamaza, lakini moyo wake utakuwa umekwisha safiri. Ukisema "Nenda" tu, umemtupa. Lakini kama mmesoma pamoja habari za kijana aliyefika mji mgeni, mtakuwa na kitu cha kuzungumza. Utaweza kumwuliza, "Fedha utaweka wapi? Utalala kwa nani? Ukiibiwa utamwambia nani?"

Sababu ya pili yatuhusu sisi wenyewe. Watu wazima wengine huona haya kusoma kitabu cha vijana. Hukificha ndani ya gazeti. Mimi nasema, msione haya. Kijana aliyefika mji mgeni hajui njia, huogopa kuuliza, na hudhani kila mtu anamtazama. Mtu mzima anayeanza kusoma naye ni hivyo hivyo. Basi hawa wawili ni wageni wenzao. Tena vitabu vya vijana huwa na sentensi fupi na mambo ya wazi. Hivyo ndivyo vitufaavyo.

Kitabu cha kwanza: Berlin

Kitabu cha kwanza kilitoka Ujerumani mwaka 1929. Mwandishi wake ni Erich Kästner, na jina la kitabu kwa lugha yetu ni "Emil na Wapelelezi."

Emil Tischbein ni mtoto wa mji mdogo. Baba yake amekufa. Mama yake huosha na kutengeneza nywele za watu nyumbani, na kwa kazi hiyo humlea mwanawe. Siku moja ampeleka Berlin kwa bibi yake. Ampa maraka 140: maraka 120 ni za bibi, na maraka 20 ni za Emil mwenyewe. Maraka ndiyo iliyokuwa fedha ya Ujerumani wakati huo. Kwa mama yule, hizo ni fedha za jasho la siku nyingi. Emil azitia katika mfuko wa ndani wa koti, na kwa kuogopa zisianguke, azichoma kwa pini zishikane na kitambaa.

Ndani ya gari moshi ameketi bwana mmoja mwenye kofia ngumu. Ni mchangamfu, ana maneno mengi, na ampa Emil chokoleti. Wasafiri wengine washuka, na wawili hao wabaki peke yao. Emil ashikwa na usingizi. Alipoamka, bwana hayupo, na fedha hazipo.

Sasa sikilizeni. Kwa nini Emil hakwenda kwa polisi mara moja? Kwa sababu kule kwao yeye na wenziwe waliipaka sanamu ya mtu mkubwa pua nyekundu, naye alidhani polisi wote wa Ujerumani wamekwisha pata habari. Sisi twacheka. Lakini ni watu wazima wangapi walioibiwa wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo dogo lake analoogopa lisijulikane? Mwizi hupenda sana watu wa namna hiyo.

Emil amwona yule bwana stesheni, ashuka, amfuata. Barabarani akutana na mtoto wa mjini anayeitwa Gustav, ambaye hutembea na honi. Gustav awaita wenziwe, na mara watoto wengi wakusanyika. Waweka neno la siri, wachanga fedha, wagawana kazi. Mmoja wao jina lake ni Dienstag, maana yake Jumanne. Huyu mtoto Jumanne alipewa kazi ya kukaa nyumbani karibu na simu, apokee habari na kuzipeleka kwa wenziwe. Alitamani sana kwenda kumfukuza mwizi, lakini alikaa pale pale. Mwisho wa kitabu, bibi yake Emil amsifu mtoto huyo mbele ya wote, kwa sababu alifanya kazi isiyoonekana.

Mwizi akamatwa katika benki. Adai kwamba fedha ni zake. Emil asema, "Noti zangu zina matundu ya pini." Noti zatazamwa, matundu yapo. Baadaye yajulikana kwamba mtu yule alikuwa ameiba katika benki nyingine, na Emil apewa zawadi ya maraka 1,000.

Haya ndiyo maoni yangu. Kitabu hiki ni kizuri kwa sababu chaonyesha mji kwa kazi zake. Hakikai kusifu majumba marefu. Chatuonyesha stesheni, nauli ya tramu (tramu ni gari lipitalo juu ya reli katikati ya barabara), hoteli, simu na benki. Msomaji ajifunza namna mgeni anavyopoteza fedha mjini, na namna ushahidi mdogo unavyoweza kuzirudisha. Bibi naye atoa fundisho lake mwishoni: fedha zipelekwe kwa hawala ya posta, zisichukuliwe mfukoni. Siku hizi wengi wetu hutuma fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na wezi nao wamehamia kwenye simu. Mwizi wa leo haonekani kofia wala uso, hupiga simu kwa sauti ya upole na kukuuliza namba yako ya siri. Lakini chokoleti yake ni ile ile.

Kosa la kitabu, naona, ni kwamba mji ule ni mwepesi mno kusaidia. Watoto wote ni wema, mwizi akamatwa siku ya pili, na zawadi yazidi fedha zilizoibwa mara saba. Katika dunia yetu wengi wameibiwa wala hawakuona tena hata senti.

Tena tazameni mwaka wa kitabu: 1929. Wakati huo Berlin ulikuwa na watu zaidi ya milioni nne. Miaka minne baadaye, mwaka 1933, chama cha Hitler kilishika serikali, na tarehe 10 Mei mwaka ule vitabu vingi vilichomwa moto hadharani katika mji huo. Vitabu vya Kästner vilikuwa miongoni mwao, naye mwenyewe alisimama pale akatazama. Vita ilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya mji ilikuwa magofu. Mwaka 1961 ukajengwa ukuta wa kuugawa mji, nao ukafunguliwa mwaka 1989. Mtu akienda leo Berlin na kitabu cha Emil mkononi, atafute mji mwingine. Kwa hiyo, mkishika riwaya yoyote ya mji, kwanza tazameni imeandikwa mwaka gani.

Kitabu cha pili: Onitsha

Msidhani mji wa kigeni ni mji wa Ulaya tu. Kwa mtu wa Tabora au Kisumu, miji ya Nigeria ni migeni vile vile. Mwaka 1966 Chinua Achebe alitoa kitabu kidogo cha vijana kinachoitwa "Chike na Mto."

Chike ni mtoto wa kijijini aliyepelekwa kukaa na mjomba wake katika mji wa Onitsha, penye soko kubwa, kando ya Mto Niger. Ng'ambo ya mto upo mji wa Asaba. Chike atamani kitu kimoja tu, kuvuka mto kwa mashua na kuiona Asaba. Nauli ni peni sita kwenda, na peni sita kurudi. Shilingi moja tu! Lakini mtoto asiye na shilingi huiona kubwa kama mlima. Mjini huko yuko mtu anayedai kwamba ajua kuzidisha fedha za watu, na Chike naye adanganywa. Mwisho apata kuvuka, lakini achelewa mashua ya kurudi, na usiku alala ndani ya lori. Hapo ndipo aangukiapo mikononi mwa wezi.

Nakipenda kitabu hiki kwa sababu mwandishi alijua uzito wa shilingi moja. Waandishi wengi hutuambia kijana "alisafiri," lakini hawatuambii nauli ilitoka wapi. Achebe atuambia mpaka peni. Na tamaa ya Chike si ya ajabu. Hatamani mwezi, atamani ng'ambo ambayo huiona kila siku kwa macho yake. Safari nyingi za watu huanza hivyo, kwa kuona ng'ambo.

Lakini mwisho wake wafanana na ule wa Emil. Chike atoa ushahidi, wezi washikwa, jina lake latangazwa, naye alipiwa masomo ya sekondari. Naogopa kidogo mwisho wa namna hii. Wamfundisha kijana kwamba mji humlipa mtu shujaa. Ni kweli kwamba kijana ahitaji kufurahi anaposoma, wala sisemi kila hadithi iishe kwa kilio. Lakini kijana akisoma vitabu kumi, na katika vyote kumi mji watoa zawadi, ataondoka nyumbani akiwa ameihesabu zawadi ile kama mshahara wake.

Kitabu cha tatu: Budapest

Kwa sababu hiyo nawaleteeni kitabu cha tatu, ambacho hakimlipi mtu. Kilitolewa mwaka 1907 na Ferenc Molnár, mwenyeji wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Jina lake ni "Wavulana wa Mtaa wa Pál."

Budapest ni mji wa mtoni. Mto wake ni Danube, na mji wenyewe ulifanywa mwaka 1873 kwa kuunganishwa miji iliyokuwa mbalimbali. Baada ya hapo ulikua kwa haraka sana. Kila mahali palijengwa nyumba za ghorofa. Watoto wa mtaa wa Pál walikuwa na kiwanja kimoja kitupu karibu na mahali pa kuwekea mbao. Hapo ndipo walipocheza mpira, na hapo ndipo walipojiona wana nchi yao. Watoto wengine, waliovaa mashati mekundu, hawakuwa na mahali pa kuchezea, wakaamua kukiteka kiwanja hicho. Basi ikawa vita ya watoto.

Katika jeshi la mtaa wa Pál, karibu kila mtoto alikuwa na cheo. Huyu kapteni, yule luteni. Askari asiye na cheo alikuwa mmoja tu, mtoto mdogo mwembamba, jina lake Nemecsek, mwana wa fundi cherehani maskini. Wote walimwamuru yeye. Watoto hao walikuwa pia na chama chao kidogo, na siku moja walimdhania Nemecsek kuwa msaliti. Wakaliandika jina lake katika daftari ya chama kwa herufi ndogo tupu, bila herufi kubwa mwanzoni.

Ninyi wanafunzi wa kusoma mwaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Mmekwisha jifunza kwamba jina la mtu huanza na herufi kubwa. Mwajua furaha ya siku ile mtu anapoandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na herufi ya kwanza imesimama juu. Basi fikirini mtoto anayeambiwa, "Wewe jina lako litaandikwa kwa herufi ndogo."

Kumbe Nemecsek ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko wote. Alikwenda peke yake kuwapeleleza adui, akakamatwa, akatiwa katika maji baridi. Akashikwa na homa. Siku ya vita alitoroka kitandani, akaja na homa yake, akamwangusha mkuu wa adui, na watu wake wakashinda. Lakini ugonjwa ulikuwa umeingia mapafuni. Akafa. Watoto wa chama walikuja nyumbani kwao kumwomba radhi, wakakuta wamechelewa. Hata siku ile ya msiba, baba yake alijiwa na mteja aliyetaka habari za koti lake, kwa maana umaskini haumpi mtu nafasi ya kulia.

Tena lipo jambo la mwisho. Baada ya kufa mtoto yule, mkuu wa wavulana arudi kiwanjani na kuambiwa kwamba pale patajengwa nyumba kubwa. Wahandisi watakuja kupima. Ile nchi waliyoipigania haikuwa yao hata siku moja. Ilikuwa mali ya mtu mwingine, ambaye wao hawakupata hata kumfikiria.

Katika vitabu vinne vya leo, hiki ndicho ninachokiweka mbele. Waweza kumpa kijana wa mahali popote penye mji unaokua. Tazameni viwanja vya watoto wetu Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Vingapi vimebaki? Mtoto hucheza, mwenye hati hupima. Molnár aliliona jambo hili katika mji wake zaidi ya miaka mia iliyopita, akaliandika bila kuhubiri.

Kina upungufu wake. Wasichana hawamo kabisa, kana kwamba mji ule ulizaa wavulana tupu. Tena kwa sehemu kubwa ya kitabu vita yaonekana tamu, kwa bendera na vyeo na tarumbeta, na msomaji mdogo aweza kuishia hapo. Ndiyo maana nasema kisomwe mpaka ukurasa wa mwisho. Asiyefika mwisho hajakisoma.

Kitabu cha nne: Chicago

Kitabu cha nne ni cha mwandishi mwanamke, Sandra Cisneros, aliyezaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1954. Alikitoa mwaka 1984. Jina lake ni "Nyumba ya Mtaa wa Mango." Mango kwa Kiingereza ni embe. Chicago ni mji wa theluji, na hakuna mwembe unaoota nje kule. Lakini mtaa waitwa Mango, na watu wake wengi wametoka nchi za joto, hasa Meksiko na Puerto Rico.

Msimulizi ni msichana, jina lake Esperanza, maana yake Tumaini. Jamaa yake wamehamahama nyumba za kupanga. Wazazi waliwaahidi watoto nyumba kubwa yenye bustani. Mwisho wakapata nyumba yao wenyewe, lakini ilikuwa ndogo, nyekundu, na ngazi zake nyembamba. Kabla ya hapo walikaa ghorofa ya tatu ya nyumba iliyobambuka rangi. Mtawa mmoja wa shule alimwuliza, "Wakaa pale?" Kwa namna alivyolisema neno "pale," mtoto alijiona si kitu.

Kitabu hiki hakina hadithi moja ndefu. Kina sura fupi fupi, nyingine ukurasa mmoja tu. Kwa hiyo chafaa sana vikundi vyetu: sura moja jioni moja, kisha mazungumzo.

Iko sura ya mama mmoja aliyeletwa na mumewe kutoka nchi ya mbali. Mume alifanya kazi mbili ili aweze kumleta. Mama afika, apanda ghorofani, wala haonekani tena. Hukaa dirishani akisikiliza nyimbo za kwao. Hajui Kiingereza. Siku moja mwanawe mdogo aanza kuimba kwa Kiingereza wimbo wa tangazo la biashara aliousikia katika televisheni, na mama alia. Katika sura hiyo hiyo baba yake Esperanza asimulia kwamba, alipofika nchi ile, kwa miezi mitatu alikula chakula cha aina moja, asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu hilo ndilo neno pekee la chakula alilolijua.

Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo. Katika picha wanazotuma huwa wamevaa makoti mazuri. Je, walikula nini miezi mitatu ya kwanza? Nani alimwuliza?

Iko sura nyingine ya mwanamke kijana ambaye mumewe humfungia ndani kila anapotoka kwenda kucheza dhumna. Yeye hushusha kamba dirishani, na watoto humfungia mfuko wenye maji ya nazi na papai. Iko pia ya msichana aliyefiwa na mama yake. Usiku hujifunza, na asubuhi hupanda gari moshi mbili na basi moja kwenda chuo kikuu, kwa sababu hataki kuishia kiwandani wala jikoni. Na iko sura fupi sana juu ya woga. Wageni wakiingia mtaa ule hutetemeka, wakidhani watachomwa visu. Watu wa mtaa hawaogopi, kwa sababu wamjua kila mtu. Lakini wao wenyewe wakiingia mtaa wa watu wengine, hutetemeka vile vile.

Sura ile, kwa maoni yangu, ndiyo yatufundisha namna ya kusoma vitabu vyote vya miji. Mgeni na mwenyeji hawaoni mji mmoja. Kwa hiyo ulizeni: anayesimulia ni nani? Cisneros alizaliwa Chicago, ndiyo maana aweza kuona aibu ya ngazi nyembamba. Mgeni wa siku tatu angeona majumba marefu na ziwa, akarudi kwao.

Nawaonya jambo moja. Kitabu hiki kina mambo mazito yawapatayo wasichana. Mzazi akisome kwanza, kisha akisome pamoja na mtoto mkubwa. Asikifiche, kwa maana mambo yale yako pia mitaani kwetu.

Maswali manne ya msomaji

Basi tukusanye tuliyoyasema. Mkishika riwaya yoyote ya mji wa kigeni, iulizeni maswali manne.

La kwanza: imeandikwa mwaka gani? Mji hubadilika, kitabu hakibadiliki.

La pili: msimulizi ni mwenyeji au mgeni?

La tatu: fedha zatoka wapi? Kama kijana wa kitabuni ala, alala na asafiri, na hatuambiwi nani alilipa, basi mwandishi ametuficha nusu ya mji.

La nne: nani hayumo? Katika Mtaa wa Pál hawamo wasichana. Katika vitabu vingine hawamo wafagiaji, au wazee, au watu weusi. Wasiotajwa nao huishi mjini.

Na kijana akija kusema, "Nataka kwenda," msimkataze kwa kitabu wala msimshawishi kwa kitabu. Mpeni maswali hayo manne, ayatumie kwa mji anaoutaka. Mji ule autakao ni wa mwaka gani, wa leo au wa sinema ya zamani? Aliyemsimulia ni mwenyeji au mpita njia? Nauli na chakula vyatoka wapi? Na nani hayumo katika picha aliyoonyeshwa? Akiweza kujibu, huenda yuko tayari kuliko mlivyodhani. Asipoweza, atajua mwenyewe kwamba bado, na hilo litamwingia kuliko kukatazwa na mzazi.

Maneno ya kujifunza

Riwaya: hadithi ndefu ya kubuniwa iliyoandikwa kitabuni.
Msimulizi: yule anayetuambia hadithi ndani ya kitabu.
Mwenyeji: mtu wa mahali hapo.
Ushahidi: jambo lionyeshalo kwamba neno ni kweli, kama matundu ya pini katika noti.
Hawala: namna ya kupeleka fedha mahali bila kuzibeba mwenyewe.

Kazi ya kikundi

1. Mtoto Jumanne alikaa karibu na simu, wenziwe wakaenda kumfukuza mwizi. Je, kazi yake ilikuwa ndogo? Toeni sababu.
2. Katika mji au kijiji chenu, kiwanja gani cha watoto kimejengwa nyumba? Nani aliulizwa kabla ya kujenga?
3. Mtu mmoja aliyewahi kukaa mji wa mbali aeleze wiki yake ya kwanza: alikula nini, alilala wapi, alijua maneno mangapi.
4. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya mji mmoja anaoujua, kwa mtu asiyeujua. Majina yote ya watu na ya mahali yaanze na herufi kubwa.

Mwalimu wa kikundi asisahihishe sentensi hizo kwa kalamu nyekundu kabla hazijasomwa kwa sauti. Kwanza zisikiwe, kisha zisahihishwe. Juma lijalo, kwa saa hii hii, tutajifunza namna ya kusoma ramani ya mji. Kaeni salama, wasikilizaji wapenzi.